Kufunga, Kuning'iniza na Kunyonga: Istilahi za Usalama katika Ufungaji wa Kamba wa Kijapani

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi zihitajikazo na mfasiri wa Kiswahili anapokabidhiwa maandishi yafundishayo shibari, yaani ufungaji wa mwili kwa kamba uliotoka Japani, na hasa ile sehemu yake iliyo ya hatari kuliko zote: kumning'iniza mtu hewani.

Huenda msomaji akauliza, Kiswahili kina haja gani na jambo hili? Twajibu kwa hoja tatu. Kwanza, ufungaji huu sasa wafanywa Ulaya na Marekani kama ufanywavyo Japani, na wasemaji wa Kiswahili wanaishi huko. Karatasi ya hospitali, maelezo ya usalama au shauri la mahakamani huweza kumfikia mkalimani wetu siku yoyote. Pili, maneno yatakiwayo hapa ndiyo yale yale yatakiwayo na mwokoaji wa watu walioanguka mashimoni, na mchezaji wa sarakasi, na mfanyakazi apakaye rangi ghorofani akiwa amefungwa mkanda. Tatu, jambo hili latuonyesha mahali ambapo mazoea yetu ya kufasiri ni mabovu, ingawa lugha yenyewe si maskini.

Si kazi ya makala haya kusifu wala kulaumu shughuli hiyo. Hufanywa na watu wazima walioridhiana, wengine katika mapenzi yao, wengine kama mchezo wa jukwaani. Mfasiri aliyeipokea kazi hiyo ana wajibu mmoja tu, nao ni kwamba asiwepo mtu atakayepoteza nguvu ya mkono au uhai kwa sababu ya neno lililochaguliwa bila kufikiri.

1. Asili ya shughuli na majina yake

Neno shibari limetokana na kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kufunga kwa kamba. Nchini Japani ni neno la kawaida, nalo hutumika hata kwa kufunga mzigo. Kuwa jina la sanaa maalumu ni matumizi yaliyoenea hasa nje ya Japani tangu miaka ya 1990. Wajapani wenyewe wana jina jingine, kinbaku, ambalo maana yake ni kufunga kwa kukaza.

Mizizi ya ufundi huu ni katika ulinzi. Katika zama za Edo, baina ya 1603 na 1868, askari na walinzi walijifunza hojojutsu, yaani ufundi wa kumfunga mateka au mshukiwa kwa kamba. Namna ya kufunga ilitofautiana kwa cheo cha mtu na kwa kosa lake. Baadaye mchoraji Ito Seiu, aliyeishi kutoka 1882 hadi 1961, alichora picha nyingi za watu waliofungwa kamba, naye huhesabiwa kuwa miongoni mwa waasisi wa sanaa ya sasa. Baada ya Vita Kuu ya Pili magazeti kama Kitan Club yaliieneza, kisha ikaingia jukwaani.

Historia hii yatufaa kwa sababu moja. Ufundi wa kale ulikuwa wa kumfunga mtu asiyetaka. Wa sasa ni wa kumfunga anayetaka, tena anayeweza kusema basi. Istilahi zetu hazina budi kuionyesha tofauti hiyo.

2. Kutohoa na mipaka yake

Njia ya kwanza imjiayo mfasiri ni kutohoa. Kwa neno shibari njia hiyo ni nyepesi, kwani silabi zake tatu zote ni wazi, shi-ba-ri, na hakuna cha kubadili. Twapendekeza liingie katika ngeli ya N, isemwe shibari hii, shibari hizi.

Kinbaku lina mkasa mdogo. Wajapani huandika n, lakini mbele ya b sauti isikikayo ni m, kama vile katika Kiswahili n ya ngeli igeukavyo kuwa m katika mbaya na mbovu. Kwa hiyo likitoholewa litakuwa kimbaku. Hapo msemaji ataona ki- ya mwanzo na kulipa wingi wa vimbaku, kama tulivyofanya kwa kitabu na vitabu. Si kosa kubwa, lakini neno moja lafaa pale ambapo mawili hayahitajiki. Twashauri shibari litumike, na kinbaku litajwe tu katika maelezo ya historia.

Ama maneno mengine, kutohoa kwaleta madhara. Kamba kwa Kijapani ni nawa. Mwanafunzi wa Kiswahili akiambiwa "chukua nawa" atatafuta maji. Katika judo na michezo mingine ya Kijapani mtu apokeaye tendo huitwa uke, na baadhi ya wafungaji hulitumia neno hilo kwa anayefungwa. Kwetu uke ni hali ya kuwa mwanamke, na msomaji atadhani kwamba anayefungwa sharti awe mwanamke, jambo ambalo si kweli.

Mfano mbaya kuliko yote ni takatekote, jina la mfungo mashuhuri ambao mikono huwekwa nyuma ya mgongo na kamba hupitishwa kifuani na kwenye mikono. Takate ni sehemu ya mkono iliyo juu ya kisugudi, na kote ni sehemu iliyo chini yake. Mfasiri akiandika "mfungo wa kote", au mwalimu akasema "funga kote", Mswahili ataelewa kwamba afunge kila mahali. Jina hili liandikwe zima, takatekote, wala lisikatwe vipande.

3. Sentensi moja na makosa yake matano

Ili kuonyesha hatari yenyewe, tumetunga sentensi ya mfano ambayo mfasiri mwenye haraka angeweza kuiandika, na ambayo kwa sarufi haina kasoro:

"Kamba isipite karibu na kiwiko, mshipa ukibanwa mkono utakufa ganzi, hapo mfungwa aliyetundikwa aachiwe mara moja."

Tuyatazame maneno yake moja moja.

(a) Mfungwa. Neno hili lina makazi yake ya zamani, nayo ni gerezani. Lingefaa kwa mateka wa zama za Edo. Kwa mtu aliyeridhia lapotosha, na mbele ya hakimu laweza kumpotosha anayesikiliza shauri. Twapendekeza anayefungwa. Kwa yule mwingine, mfungaji latosha pale muktadha ulipo wazi. Usipokuwa wazi, mfunga kamba ni bora, kwani mfungaji peke yake aweza pia kuwa mfunga mabao.

(b) Aliyetundikwa. Kiswahili kina vitenzi vingi vya jambo hili, na kila kimoja kina kazi yake. Kuangika na kutundika ni kuweka kitu juu ya msumari, mti au kiango, kama nguo au taa. Kunyonga ni kukaba roho, nalo ndilo neno la adhabu ya kifo. Kutia kitanzi ni hivyo hivyo. Kuning'inia ni kuwa hewani pasipo kugusa chini, bila habari ya shingo wala kifo. Kitenzi hiki cha mwisho ndicho kifaacho, tena kina uzazi mzuri: kuning'iniza, mning'inizaji, uning'inizaji, na mning'inio kwa hali yenyewe. Mfasiri asitumie kunyonga hata kwa mzaha. Msomaji wa maelezo ya usalama akikutana na kunyonga aelewe shingo, na shingo peke yake. Kwani kanuni ya kwanza ya shughuli hii ni kwamba kamba haiwekwi shingoni.

(c) Kiwiko na mkono. Kamusi za zamani zilieleza kiwiko kuwa ni kiungo kiunganishacho mkono na kiganja. Kamusi za karibuni zaeleza kuwa ni kiungo cha katikati ya mkono, ambacho wengine hukiita kisugudi au kivi. Watu wawili waliosoma kamusi mbili wataisoma sentensi yetu na kuilinda sehemu mbili tofauti za mwili. Twapendekeza kifundo cha mkono kwa kiungo cha chini, na kisugudi kwa kiungo cha katikati; kiwiko kiachwe kabisa katika maandishi ya usalama.

Mkono nao ni neno pana. Hukumbatia kila kitu kutoka begani hadi vidoleni. Wajapani, kama tulivyoona, wana neno kwa kila nusu. Sisi twaweza kusema mkono wa juu kwa sehemu baina ya bega na kisugudi, mkono wa chini kwa sehemu baina ya kisugudi na kifundo, na kiganja kwa kilichobaki. Hapana haja ya kukopa.

(d) Mshipa. Hili ndilo kosa lililo zito kupita yote. Katika mazungumzo yetu mshipa ni njia ya damu iendayo, ni njia ya damu irudiyo, ni uzi wa fahamu, ni msuli ukazikao, na pengine ni ngiri. Katika kufundisha ufungaji, damu na fahamu hazina budi kutengwa, kwa kuwa dalili zake si moja na hatua zichukuliwazo si moja.

Njia ya damu ibanwapo, ngozi hubadilika rangi, kiganja huvimba na kupoa. Jambo hili huonekana kwa macho, na kwa kawaida hali hurudi kamba ilegezwapo. Neva ibanwapo huenda kisionekane chochote. Ngozi yaweza kuwa na rangi yake njema, wala pasiwe na maumivu, hali madhara yanaendelea. Neva iliyo hatarini zaidi katika takatekote ni ile inyooshayo kifundo cha mkono na vidole. Huuzunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma, kisha hutokea upande wa nje, mahali ilipo karibu na ngozi na juu ya mfupa mgumu. Kamba ipitayo hapo, ikiwa imebeba uzito wa mwili, huibana kama kitu kilichowekwa baina ya nyundo na fuawe. Tena njia yake haifanani kabisa kwa watu wote, kwa hiyo hakuna mchoro unaoweza kusema kwa uhakika kwamba hapa ni salama kwa kila mtu.

Mwaka 1943 daktari Mwingereza Seddon aliyagawa majeraha ya neva katika daraja tatu, na mgawanyo huo ungali ukitumika. Twaweza kuzieleza daraja hizo kwa Kiswahili hivi: neva kuzubaa, ambapo uzi haujakatika lakini haupitishi habari, na hupona kwa siku au majuma, uzi kukatika ndani ya ala, ambapo ala ya nje ni nzima na uzi huota tena, na neva kukatika kabisa, ambayo huhitaji upasuaji. Uzi uotapo tena huenda kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Basi ikiwa umbali kutoka palipoumia hadi kwenye msuli ni sentimita 15, mgonjwa atangoja siku 150 hivi, yaani miezi mitano, kabla ya kuweza kukiinua kiganja chake. Mwalimu, mwandishi wa taipu au fundi cherehani hawezi kulichukua jambo hilo kuwa dogo.

Kwa hiyo twasisitiza: mshipa peke yake usiandikwe. Iandikwe neva, au mshipa wa fahamu. Na kwa upande mwingine mshipa wa damu.

(e) Kufa ganzi. Kila Mswahili amepata kufa ganzi mguu kwa kuukalia, akasimama, akacheka, ikaisha. Neno hili halitishi. Tena lachanganya mambo matatu: kukosa hisi, ambako ndiko ganzi hasa, kuhisi kama sisimizi watembeao, ambako twaweza kukuita mnyeo, na kukosa nguvu, ambako ni kulegea. Maandishi ya usalama yayataje yote matatu, kwani mtu aweza kulegea pasipo ganzi.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana katika kufasiri jaribio la neva. Wafungaji wengi humwambia anayefungwa akibane kidole cha mfungaji ndani ya kiganja. Jaribio hilo hupima neva zinazokunja vidole. Neva tuliyoitaja hapo juu kazi yake ni kunyoosha. Nayo hupimwa kwa kumtaka mtu akiinue kiganja kuelekea upande wa nyuma yake na kuvitanua vidole, huku mfungaji akizuia kidogo. Mfasiri akiandika tu "achezeshe mkono" atakuwa ameufuta upimaji wote.

4. Kamba, fundo na mzigo

Katika sehemu hii Kiswahili ni tajiri, kwani mabaharia wa pwani yetu wameishi na kamba kwa karne nyingi. Lakini utajiri huo una mitego yake.

Kamba ya shibari kwa kawaida ni ya nyuzi tatu zilizosokotwa, unene wake milimita 6 hivi, na urefu wake mita 7 au 8. Hutengenezwa kwa juti, ile itengenezewayo magunia, au kwa hempu. Wajapani huita nyuzi za namna hiyo asa, neno lichukualo mimea zaidi ya mmoja. Kamusi zetu za zamani zaifasiri hempu kuwa katani. Lakini tangu mkonge ulipoletwa Tanganyika mwaka 1893, katani kwa watu wetu wengi ni nyuzi za mkonge, ambazo ni ngumu na hukwaruza ngozi. Mfasiri aandikaye "kamba ya katani" atampeleka msomaji dukani kununua kitu kingine kabisa. Iandikwe kamba ya juti au kamba ya hempu.

Kwa kamba imnyanyuayo mtu kutoka kwenye mfungo hadi juu, twapendekeza henza. Katika jahazi henza ndiyo kamba nene iichukuayo foromali pamoja na tanga lake. Kazi ni ile ile, kubeba uzito unaoning'inia. Mahali pa juu pafungwapo henza paitwe kishikizo cha juu.

Kitanzi nalo ni neno la kupimwa. Kuna kitanzi kijikazacho kila kivutwapo, na kuna kitanzi kibakiacho na ukubwa wake. Cha kwanza ni cha mtego wa ndege, na hakifai kuzunguka kiungo cha mtu. Twapendekeza kitanzi kijikazacho na kitanzi thabiti, wala pasiandikwe kitanzi bila sifa yake.

Kuhusu mzigo, mwalimu wa fizikia atatusaidia. Mtu wa kilo 60 huvuta chini kwa kani ya nyutoni 590 hivi. Akishikwa na henza mbili zilizo wima, kila moja huchukua nusu, nyutoni 295. Henza hizo zikitanuliwa hata pembe baina yake ikawa nyuzi 120, kila moja huchukua nyutoni 590 kamili, kana kwamba ile ya pili haipo. Zikitanuliwa zaidi kani hupita uzito wa mtu mwenyewe. Tena kamba ikiteleza ghafula kisha ikakaza, mshtuo huzidisha kani hiyo maradufu au zaidi. Fundo nalo hupunguza nguvu ya kamba. Ndiyo maana lazima zitengwe istilahi mbili: kani ya kukatika, ambayo ni kipimo cha kamba mpya kiwandani, na mzigo wa kazi, ambao ni sehemu ndogo tu ya kani hiyo. Katika kunyanyua watu wahandisi hutumia mara nyingi sehemu moja ya kumi. Mfasiri akiziita zote mbili "uwezo wa kamba", msomaji atachukua namba iliyo kubwa.

5. Vitenzi vya kushusha

Sentensi yetu ya mfano iliishia kwa "aachiwe mara moja". Kwa mtu aliyekaa sakafuni agizo hilo halina neno. Kwa mtu aliye hewani laweza kumvunja shingo. Kuachia ni kuondoa mkono. Afanyaye hivyo humwangusha mwenzake. Vitenzi vya usalama ni vitano, na kila kimoja kibaki mahali pake:

Kuchukua uzito ni kumwinua au kumtegemeza mtu ili henza isimbebe tena.
Kushusha ni kumteremsha kidogo kidogo, kamba ikiwa bado mkononi.
Kulegeza ni kupunguza mkazo pasipo kufungua.
Kufungua ni kuondoa fundo na mizingo.
Kukata ni kutumia mkasi pale fundo lisipofunguka.

Utaratibu ufundishwao na walimu wazuri ni huo huo: uzito kwanza, kamba baadaye. Henza haikatwi hali mtu anaitegemea na hapana aliyemshika. Chombo chenyewe ni mkasi wenye ncha butu, kama watumiao wauguzi kukatia nguo za majeruhi, nao uwe karibu wakati wote. Kisu hakifai, kwani kamba iliyokaza juu ya ngozi haiachi nafasi ya makali.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi hayakubaliani kwa sababu ya umri wake. Mtu aningi'niaye wima bila kujisogeza aweza kuzirai, damu ikikusanyika miguuni, naye akibaki hivyo aweza kufa. Vitabu vya zamani vya uokoaji vilishauri kwamba aliyeokolewa asilazwe chali, bali aketishwe kwanza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 na idara ya usalama kazini ya Uingereza haukuona ushahidi wa kuuunga mkono ushauri huo, na ukapendekeza huduma ya kwanza ya kawaida, mgonjwa akilazwa. Mfasiri apewapo kijitabu cha kale amweleze aliyemwagiza. Uaminifu kwa matini haumlazimishi kunyamaza.

6. Istilahi za mafunzo na za ridhaa

Mtu hajifunzi kuning'iniza kwa kuanza kuning'iniza. Hatua ni tatu, nazo zinahitaji majina. Ya kwanza ni mfungo wa sakafuni, ambapo mwanafunzi hujifunza fundo, mkazo na kuwasiliana, na hudumu humo kwa muda mrefu. Ya pili ni mning'inio nusu, ambapo henza huchukua sehemu ya uzito na mguu mmoja au mgongo hubaki chini. Ya tatu ni mning'inio kamili, usio na kiungo kigusacho chini. Hata huo hufanywa karibu na sakafu, kwani anayejifunza hana sababu ya kwenda juu. Katika kila hatua mwanafunzi hujifunza kushusha kabla ya kupandisha, huchunguza kamba zake kwa vidole na kuzitupa zilizochakaa, na hufungwa yeye mwenyewe ili ajue kile amfanyiacho mwenzake. Anayefungwa naye ni mwanafunzi: hujifunza kuutambua mnyeo mapema na kuutaja bila kuona haya. Hawafanyi wakiwa wamelewa, na aliyefungwa haachwi peke yake hata kwa dakika moja.

Neno ridhaa lina jirani zake, na majirani hao huchanganywa. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, mara nyingi kwa maandishi, nayo hudumu hadi ifutwe. Ruhusa ni ya mkubwa kwa mdogo. Ridhaa ni ya mtu juu ya mwili wake mwenyewe, naye aweza kuiondoa wakati wowote, hata akiwa hewani. Wahusika hupatana mapema juu ya neno moja la kukomesha shughuli. Twapendekeza liitwe neno la kukomesha. Anayesema neno hilo haulizwi sababu.

Kwa watumishi wa serikali na wakalimani wa mahakama tunaongeza jambo moja. Ridhaa katika mazungumzo ya wafungaji si lazima iwe sawa na ridhaa katika sheria. Nchini Uingereza, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua mwaka 1993 katika shauri la Brown kwamba watu waliojeruhiana kwa hiari katika mambo ya namna hii hawakuweza kuitumia ridhaa kuwa kinga ya makosa ya kujeruhi mwili. Mkalimani asiseme "aliruhusu" wala "alikubali tu" pale shahidi aliposema aliridhia. Tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo kiini cha shauri.

7. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Anayefungwa: mtu aliyeridhia kufungwa kamba.
Henza: kamba imbebayo anayefungwa kutoka kwenye kishikizo cha juu.
Kani ya kukatika: kani ambayo kamba mpya hukatikia.
Kifundo cha mkono: kiungo baina ya mkono wa chini na kiganja.
Kisugudi: kiungo baina ya mkono wa juu na mkono wa chini.
Kitanzi kijikazacho: kitanzi kipunguacho kila kivutwapo.
Kitanzi thabiti: kitanzi kisichobadili ukubwa.
Kuchukua uzito: kumtegemeza anayening'inia ili kamba isimbebe.
Mning'inio kamili: hali ya kuwa hewani bila kugusa chini.
Mning'inio nusu: hali ya kubebwa na kamba kwa sehemu tu.
Mnyeo: hisi kama ya sisimizi watembeao, dalili ya kubanwa neva.
Mzigo wa kazi: mzigo ambao kamba yaruhusiwa kubeba.
Neno la kukomesha: neno lililopatanwa la kusimamisha shughuli.
Neva: uzi upelekao hisi na amri za mwendo mwilini.
Shibari: ufungaji wa mwili kwa kamba uliotoka Japani.

8. Hitimisho

Katika orodha hii ndefu, maneno ya kukopa ni machache: shibari, takatekote, na majina ya vitu kama juti, hempu na neva. Mengine yote yalikuwamo katika lugha, mengine jikoni, mengine baharini, mengine kwa mafundi. Kilichokosekana ni utaratibu wa kulipa kila moja kazi yake na kulizuia lisiingie kazi ya jirani.

Sasa twaweza kuiandika upya sentensi yetu: "Kamba isipite juu ya kisugudi wala kwenye upande wa nje wa mkono wa juu, mahali neva ilipo karibu na mfupa, anayefungwa akihisi mnyeo au ganzi, au akishindwa kukiinua kiganja chake, mfungaji achukue uzito, amshushe, kisha afungue." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Lakini ile ya kwanza ilimwacha msomaji akisie kiungo gani, mshipa gani, na afanye nini. Na mwenye kukisia hapa hukisia kwa mkono wa mtu mwingine.

Twawaomba wafasiri na walimu walionazo istilahi bora kuliko hizi, hasa kutoka kwa mabaharia, waokoaji na wauguzi, wazilete zijadiliwe. Istilahi ya usalama haisanifiwi kwa uzuri wa sauti yake. Husanifiwa pale mtu aisomapo mara moja, akiwa na haraka na hofu, akafanya lile lile lililokusudiwa.